Papa Farasi na Siku ya Kaporali

Miaka kumi na moja nilikaa jirani na mtunza farasi, nyumba zetu zikitenganishwa na uzio wa matete, na sikumwona hata mara moja amempanda yule farasi. Alimsugua, alimlisha, alimwongoza kwa kamba mtoni na kurudi, alimsemesha tangu asubuhi hadi jioni. Kupanda mgongoni, hapana. Vijana wa shamba walipomchokoza, "Papa Farasi, panda basi tuone," aliwajibu bila hata kugeuka: "Mi niko na miguu. Yeye anabebaka muzungu, ile inamutosha." Wakacheka, naye akaendelea kuchokonoa matope katika kwato za mnyama kwa kijiti chake cha mwanzi.

Papa Farasi ni jina tulilompa sisi. Alikuwa na jina la ubatizo, lilisomwa kanisani siku za sikukuu, lakini hata yeye mwenyewe lilimchukua muda kuitika. Kazi yake ilikuwa imemeza mengine yote.

Hapo ni juu ya vilima vya Masisi, mwendo wa nusu siku kutoka Lushebere, kwenye shamba la mzungu mmoja aliyelima pareto na kufuga ng'ombe wa maziwa. Tulimwita patro. Mume wangu alikuwa mkamuaji, mimi nilichuma maua ya pareto pamoja na wanawake wenzangu. Nyumba za wafanyakazi zilipangwa mstari mmoja chini ya zizi, na ya mwisho kabisa ilikuwa ya Papa Farasi, ikigusana na nyumba ya farasi. Farasi aliitwa Kaporali. Alikuwa mwekundu wa udongo, mwenye alama nyeupe usoni, na kwa wengi wetu ndiye farasi peke yake tuliyepata kumwona. Watoto walimpigia saluti.

Niseme kweli. Nilipofika pale, bibi harusi mpya, nilimwogopa yule mzee, kisha nikamchukia, kisha nikampenda, na siku nyingine vyote vitatu kabla ya jua kuzama. Alikuwa mkali, alikuwa mbishi, na kwa chumvi alikuwa mchoyo kupita kiasi. Wiki yangu ya kwanza nilienda kumwomba chumvi kidogo ya kutia katika maharagwe. Akasema hakuna. Kesho yake asubuhi nikamkuta amesimama nje, kiganja kimejaa chumvi, Kaporali anailamba taratibu na kufumba macho.

"Papa," nikamwambia, "jana ulisema chumvi hakuna."

"Ya bantu hakuna," akasema.

Nilikasirika siku tatu. Lakini ni yeye huyo huyo, siku binti yangu Furaha alipozaliwa, mvua ikinyesha na mume wangu akiwa amepeleka maziwa Masisi, aliyekuja mlangoni akageuza uso upande ili asinione, akanyoosha mkono ndani. Mkononi alishika blanketi la farasi, mali ya patro, kitu ambacho kingeweza kumfukuzisha kazi. "Inanuka," akasema, "lakini inapashaka moto. Funika mutoto." Binti yangu alinuka farasi mwezi mzima, na sikumruhusu mtu yeyote kumcheka.

Kanisani alikaa karibu na mlango. Katekista alipoanza mahubiri, Papa Farasi alianza kutega sikio upande wa nje, na mara nyingi aliinuka akaenda zake katikati ya neno la Mungu. Katekista alimkemea mbele ya watu. Akajibu kwa sauti ya unyenyekevu ambayo hatukuizoea, "Mungu ananisikiaka hata niko kule kwa majani. Kaporali hanisikii kama niko humu." Hata katekista alishindwa kuzuia kicheko.

Kwa mambo madogo alikuwa mwongo asiye na haya. Alimwambia kapita, msimamizi wetu, kwamba Kaporali hapendi maji ya kijito cha chini, na kwa hiyo kila siku alimwongoza hadi kijito cha mbali, ambako, si bahati tu, aliishi mama mmoja aliyepika kasiksi, ile pombe ya ndizi. Alidai kwamba chui alikutana naye njiani akampisha. Lakini mwili wa mnyama hakuusemea uongo. Ukimletea mbuzi wako mgonjwa, alimpapasa tumbo, akamfungua kinywa, akakuambia usoni: huyu atapona, huyu umemchelewesha, huyu chinja leo mule nyama ingali nzuri. Watu walimwamini kwa hilo kuliko walivyomwamini mtu yeyote pale kilimani. Ndiyo maana nilishtuka sana nilipomwona anaanza kujidanganya mwenyewe.

Ilianza barabara ilipotufikia. Patro akanunua kamioneti, gari dogo la mizigo, na Kaporali, ambaye alikuwa amembeba miaka yote hiyo kukagua mashamba, akabaki kula majani tu. Uzee unamngojea mtu akae chini, kisha unamkamata. Katika misimu miwili mgongo wake ulibonyea, mashimo yakatokea juu ya macho, meno yakaisha, akawa anatafuna majani na kuyaacha yaanguke chini vidonge vidonge, hayamezeki. Kisha akaanza kukohoa.

Patro alishuka siku moja kutoka nyumba yake ya juu, akasimama mbele ya farasi, kofia mkononi. Nilikuwa naanika nguo, nilisikia yote. Hakuwa mtu wa maneno mengi, wala hatukumpenda, lakini siku ile sauti yake ilikuwa ya mtu aliye msibani.

"Muzee," akasema kwa Kiswahili chake, "huyu anateseka. Kule kwetu farasi akifika pale tunamupiga risasi moja, mbio, hasikii kitu. Mi nitafanya. Lakini siku, weye njo utaniambia. Weye unamujua kunipita mi."

"Ndiyo, patro."

"Usikawishe sana."

"Ndiyo, patro."

Wengine waliona ile ni heshima. Mzungu kumwachia mtu mweusi neno la mwisho juu ya mali yake, ulisikia wapi? Kapita alimpongeza. Papa Farasi alimtazama kama anayemtazama mjinga. "Bunduki amebaki nayo," akasema. "Lakini kuuwa, ameniachia mi."

Ili kuelewa uzito wa jambo hili lazima ujue kwao. Alitoka msituni, upande wa Walikale, karibu na Ntoto, na baba yake alikuwa mwindaji aliyewinda kwa mbwa. Kila mbwa alivaa kengele ya mti shingoni, na watu walimjua kwa mlio wake kabla ya kumwona. Papa Farasi hakuchoka kutueleza habari hizo. Nyumbani kwa baba yake mbwa aliyewinda hakuuawa kamwe, hata akiwa kipofu, hata akiwa kilema. Walimvua kengele, wakamlaza kando ya moto juu ya majivu ya uvuguvugu, na pale akakaa, akilishwa kutoka sahani ya bwana wake, mpaka siku alipokufa mwenyewe. "Imbwa ya muwindaji haiuliwe," alisema. "Moto njo mushahara yake," yaani moto ndio mshahara wake. Aliyemuua mbwa wa namna hiyo, msitu ungemfungia wanyama wake. Aliyasema haya na rozari shingoni, na hakuona ugomvi wowote kati ya viwili hivyo.

Basi mtu wa mila hiyo aliambiwa achague siku.

Kwanza alijiwekea alama. Aliniambia kupitia uzio, wala sikumwuliza: "Siku atakataa mahindi, nitapanda kwa patro." Haikupita hata wiki tatu, Kaporali akayakataa mahindi. Nikamngojea mzee achukue fimbo yake aende juu. Badala yake akaja kuniomba sufuria. "Ni meno tu," akasema. "Meno haiko roho." Akaanza kumchemshia viazi vitamu na kuviponda kwa mkono wake, akimlisha donge baada ya donge.

Akaweka alama ya pili: siku atakayoshindwa kusimama mwenyewe. Siku ile nayo ikaja. Tulimkuta asubuhi amelala ubavu katika tope, macho wazi. Papa Farasi akakusanya wanaume wanane na miti miwili na kamba za kufungia ng'ombe, wakapenyeza miti chini ya tumbo, wakainua wakipiga kelele za "hee-ya, hee-ya", na farasi akasimama, akitetemeka miguu yote minne. Mume wangu alirudi ameumia bega. Nikamwuliza Papa Farasi, kwa upole niliouweza, "Papa, ile alama?"

"Ni tope," akasema. "Hata weye ungeanguka. Nimesema kusimama pa nafasi mukavu."

Nilicheka, Mungu anisamehe, kisha nikaenda jikoni nikalia. Sikio la kufa halisikii dawa, lakini hapa mgonjwa hakuwa mwenye sikio hilo.

Alama ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu aliichagua kwa moyo. "Siku nitamuita na hatanigeuzia sikio," akasema, "pale nitajua amemalizana na mi." Tangu hapo kila asubuhi tulimsikia: "Kaporali!" Na kila asubuhi lile sikio moja, lenye ncha iliyochanika, liligeuka. Mnyama alibaki mifupa, mbavu ungeweza kuzihesabu ukiwa njiani, lakini sikio liligeuka. Mzee akatabasamu, akaingia na kuni.

Kuni, ndiyo. Baridi ya vilima vyetu inajulikana, ukungu wa asubuhi unaingia hadi kwenye godoro, na kila nyumba mbuzi walilala ndani karibu na moto pamoja nasi. Papa Farasi akafanya kwa Kaporali kama walivyofanya kwao kwa mbwa mzee. Akachimba jiko katikati ya nyumba ya farasi, akaziba nafasi za kuta kwa udongo na majani ya migomba ili joto lisitoke, na kila jioni akawasha. Kuni zilikuwa mbichi, kwa maana zilizokauka zilipelekwa nyumba ya juu. Moshi ulijaa hadi ukawa unatoka chini ya mlango.

Na Kaporali alikohoa. Hakikuwa kikohozi cha mara moja. Kilianza moto unaposhika, kikaenda hivyo, pua zimepanuka, tumbo linavutwa mara mbili kwa kila pumzi, mpaka asubuhi alipotolewa nje. Nje, kwenye majani, alipumua afadhali. Niliona hivyo. Nilikuwa nimepata kuona hivyo kwa Furaha alipobanwa na kifua, mama yangu akamnyang'anya mikononi mwangu akamtoa jikoni, akasema moshi utamaliza mtoto. Nilijua, basi. Lakini ningesemaje? Mimi mchuma pareto, mke wa mkamuaji, nimfundishe Papa Farasi mambo ya farasi? Mzee wa umri wa baba yangu? Mara mbili nilifika kwenye uzio na neno mdomoni. Mara ya kwanza nikamwuliza kama ana kisu cha kuazima. Mara ya pili nikamsalimia tu.

Aliyesema ni kijana mgeni. Alikuja kuchoma ng'ombe sindano, msaidizi wa dokta wa nyama, yaani wa mifugo, kaptula yake imepigwa pasi, anachanganya Kifaransa katika kila neno. Patro alimwomba amtazame na farasi. Akaingia, akatoka mbio akifuta machozi ya moshi, akaingia tena. Akaweka sikio ubavuni mwa Kaporali, akakaa hivyo muda mrefu.

"Papa, nani anawashaka moto humu?"

"Ni mi."

"Kila siku?"

"Kila siku. Baridi iko mingi."

Kijana hakuwa mbaya. Alishusha sauti. "Papa, baridi haimufanye kitu, farasi iko na manyoya. Mapafu njo mugonjwa. Ni hii moshi inamuuwa. Uzee inamuuwa polepole, moshi inamuuwa mbio."

Papa Farasi hakubisha. Mtu aliyebishana na katekista, na kapita, na hata na mvua, hakubisha. Aliingia, akasikika akimwaga maji, moto ukalia ukazimika. Kisha akaanza kubomoa udongo aliouziba kutani, kwa mikono, bila jembe, mpaka kucha zikatoka damu. Nilimpelekea maji ya kunawa. Hakuyagusa wala hakunitazama.

Siku tisa zilizofuata Kaporali alipumua vizuri. Hilo ndilo lililomwumiza zaidi, naamini. Kama angeendelea kukohoa, mzee angeweza kusema dokta amekosea. Lakini farasi alinyanyua kichwa, akala viazi, akapiga hata kwato chini siku moja mzee alipochelewa na viazi. Siku ya kumi akaanguka, pa nafasi mukavu, chini ya jua. Wanaume wakaanza kutafuta miti. Papa Farasi akainua mkono.

"Muache," akasema.

Akachuchumaa. Akaita, "Kaporali!" Sikio likageuka.

Nilidhani ataketi pale. Lakini alisimama, akavaa shati lake la Jumapili, akapanda kwa patro. Sikusikia walichosema huko. Waliporudi, mzungu na bunduki yake, yeye na kiganja cha chumvi, patro alimwuliza kama anataka kwenda mbali kidogo. "Hapana," akasema, "mi nitashika kamba." Akapiga magoti, akampa chumvi. Nilimsikia akimsemesha, maneno ya kwao, ya msituni, ambayo hakuna aliyeyaelewa pale ila labda farasi. Aliendelea kusema hata baada ya mlio.

Kulikuwa na maneno kuhusu nyama. Watu walikuwa na njaa ya nyama, na mnyama mkubwa namna ile alikuwa amelala chini bure. Kapita alimwendea: "Muzee, tusigawe hata mapaja?" Papa Farasi akamwuliza kama angependa kuanza na paja la Papa Farasi mwenyewe. Wanaume sita wakachimba shimo siku nzima, wakinung'unika kwamba hata mtemi hakuchimbiwa shimo kama lile. Jioni aliwapa kasiksi, mtungi mzima, naye hakunywa.

Alikaa na sisi miezi michache tena. Patro alitaka kumpa kazi ya ng'ombe, akakataa. Siku moja alikuja kwenye uzio, akaniachia mfuko mdogo wa chumvi, na kabla jua halijawa kali alikuwa ameshuka njia ya Walikale.

Nilimwona mara moja tu baada ya hapo. Furaha alikuwa ameolewa na mchuuzi wa mawese wa Ntoto, alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza, nami nikashuka kwenda kumwogesha mjukuu. Nilipouliza habari za mzee aliyekuwa akitunza farasi Masisi, wakanionyesha nyumba pembeni ya kijiji. Alikuwa ameketi nje, akichuna kamba za msituni za kusukia vikapu. Alikuwa amekuwa mdogo. Macho yalikuwa yamefifia, lakini nilipomsalimia alinijua kwa sauti.

"Mama Furaha! Ule mutoto wa kunuka farasi, bado ananuka?"

"Sasa amekuwa mama, Papa."

Akacheka hadi akapaliwa. Tukaongea juu ya wengi, waliokufa na waliohama. Hakumtaja Kaporali, na mimi nilikuwa nimetembea siku tatu na jambo moja rohoni, jambo lililonisumbua miaka yote kila nilipowasha moto kwa kuni mbichi. Nikaona nisipolisema leo nitazikwa nalo.

"Papa," nikasema, "ule moshi. Mi nilijua. Nilimusikia anakohoa, nilijua ni moshi, na sikukuambia. Niliogopa kukufundisha. Unisamehe."

Aliendelea kuchuna kamba yake mpaka mwisho. Akaiweka juu ya nyingine.

"Ulijua tangu wakati gani?"

"Mwezi muzima mbele ule dokta afike."

"Mi nilijua mbele yako."

Nilimtazama nisiamini. Akatikisa kichwa polepole.

"Nilikuwa namutoa inje, anapumua. Namuingiza, anakohoa. Mi ni mujinga, Mama Furaha, lakini mujinga mpaka pale, hapana."

"Sasa kwa nini uliwashaka, Papa?"

"Kama ninazima moto, ningebakia na kazi gani? Kazi moja tu. Kupanda kwa patro na kusema ni leo." Akachukua kamba nyingine, akaishika bila kuichuna. "Kila jioni nilikuwa naleta kuni, naona iko kitu ninamufanyia."

Nikamwambia yale ninayoamini hadi leo, kwamba alimpenda, kwamba hakuna mnyama aliyewahi kupendwa hivyo pale kilimani, kwamba Mungu anaona.

"Nilimupenda," akasema. "Ile ni kweli." Kisha akanyoosha mkono akanigusa mkono wangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya miaka yote kumi na moja. "Siye wawili tulisikia, Mama Furaha. Yeye peke yake njo alikohoa."